Safu ya Kwanza

Jumatatu, 2 Machi

Tangazo limebandikwa leo kwenye ubao nje ya ofisi ya utawala. Nafasi moja. Moja tu kwa kikosi chetu chote cha mawasiliano: mafunzo ya uofisa, tawi la ujasusi wa kijeshi. Mwombaji awe ametumikia jeshi si chini ya miaka mitano, awe na faili safi, na umri usizidi miaka thelathini na mbili ifikapo tarehe moja Julai. Mimi natimiza thelathini na tatu mwezi wa nane. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, nikahesabu tena. Napita, lakini kwa tundu la sindano. Mwakani sina changu.

Nimeshaomba mara mbili. Mara ya kwanza, siku ya usaili ndiyo siku aliyopasuliwa mama goti, nikashinda kwenye benchi la hospitali badala ya mbele ya kamati. Mara ya pili niliteguka kifundo cha mguu kwenye mbio, zimebaki mita mia mbili. Hii ni ya tatu, na ya mwisho.

Nilikuwa bado nimesimama pale ubaoni nikasikia mtu anapumua begani. Mpole. Huyu ni koplo, tunalala chumba kimoja kwenye bweni la wanawake, mwaka wa tatu sasa. Jina hilo alipewa na kikosi kizima kwa sababu hapandishi sauti hata akikanyagwa. Alipoletwa chumba cha redio alikuwa hajui mlio wa mtambo wala mlio wa mbu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusikiliza, neno kwa neno, zamu kwa zamu.

"Dada," akasema, "na mimi nijaribu?"

"Jaribu, mdogo wangu. Kujaribu si kosa."

Nilisema huku nimeuma meno. Mimi ni sajenti, yeye koplo. Mimi nina miaka kumi na mmoja humu ndani, yeye mitano na ushee. Ana miaka ishirini na sita! Ana nafasi zingine sita mbele yake, na bado anaitaka hii yangu.

Nalificha daftari hili chini ya godoro. Najua mtu anayeomba ujasusi hatakiwi kuandika shajara. Nisipoandika nitapasuka.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja, na limechagua kuvuja juu ya kitanda cha Mpole. Amekisogeza karibu na changu, katikati kaweka ndoo. To, to, to.

Jumatatu, 9 Machi

Waombaji kumi na mmoja. Wanane kati yao siwahofii. Mmoja anajua kupiga saluti tu. Nimebaki na Mpole.

Mvua. Ndoo imejaa, kaimwaga yeye.

Alhamisi, 12 Machi

Leo tumemwona atakayetuchuja. Ni meja mmoja mfupi, amekuja kutoka makao makuu na begi la ngozi lililochakaa. Miwani yake ina kamba, akiivua inaning'inia kifuani kama filimbi ya mwamuzi. Tumeshamwita Miwani, bila yeye kujua. Au labda anajua.

Hakutusalimia sana. Alichora mistari miwili ya wima ubaoni, zikapatikana safu tatu. Juu ya ya kwanza akaandika NILICHOONA. Ya pili, NILICHOSIKIA. Ya tatu, NINACHODHANI.

"Kazi yote ni hii," akasema. "Mengine mtafundishwa na vitabu. Kuna watu wamelala makaburini kwa sababu mtu mmoja alichukua kitu cha safu ya tatu, akakiandika kwenye safu ya kwanza. Hakuwa mwongo. Alikuwa na hakika tu."

 Halafu akatuuliza, bila kugeuka, mlinzi wa mlangoni yukoje. Mmoja akakurupuka, "Amechoka, afande!"

"Umeuona uchovu? Una rangi gani?"

Tukacheka. Mpole akanyoosha mkono. "Ameegemea ukuta, afande. Mguu wa kushoto ndio unaobeba uzito. Sijui kwa nini."

Miwani akageuka akamtazama. Akaitikia kwa kichwa mara moja tu, akaendelea. Mara moja tu, lakini niliiona, na roho iliniuma. Hayo ya "sijui kwa nini" kayatoa wapi? Kwangu! Mimi ndiye niliyemwambia kwenye redio kwamba usichokisikia usikijazie.

Jumatatu, 16 Machi

Mama amepiga simu. Salamu, afya, kazi. Halafu, "Na mwanangu wa pili hajambo?"

Mpole amewahi kuja kwetu mara tatu au nne, siku za mapumziko. Mama ni fundi cherehani, na Mpole alikaa chini akamsaidia kutoa nyuzi, basi ikawa ndio mwanzo. Mimi cherehani sikuipenda tangu utotoni.

"Hajambo," nikasema.

"Mwambie dawa ya kuchua aliyoniletea imenisaidia sana. Goti sasa linakunja."

Dawa ipi? Kaleta lini? Nilimuuliza Mpole, akasema, "Ah, dada, ni kichupa tu, nilipita dukani nikakumbuka." Kapita dukani akakumbuka goti la mama yangu. Mimi nimepita dukani mara ngapi?

Ijumaa, 20 Machi

Matokeo ya mtihani wa kuandika. Mpole tisini na moja. Mimi themanini na nne. Wa tatu sabini.

Alikuja kunikumbatia. "Tumefaulu, dada!" Tumefaulu, eti. Nikampigapiga mgongo kama mtu anayezima moto.

Jumanne, 24 Machi

Leo ni yangu! Leo naandika kwa furaha.

Jaribio la kusikiliza. Wametuwekea mazungumzo ya redio yaliyorekodiwa, yamejaa kelele, watu watatu wanaongea juu ya upepo na injini. Kila mtu na hedifoni zake. Wenzangu walipata maneno mawili matatu. Mimi niliwapata wote watatu, nikasema wa pili ana mafua, nikasema injini ni ya lori na ina silinda inayoruka. Miwani alivua miwani. "Sajenti, haya umesomea wapi?"

"Kwenye zamu, afande. Miaka kumi na mmoja."

Kapteni wa utawala, ambaye naye yumo kwenye kamati, akasema, "Huyo sikio lake lingewekewa bima." Watu wakacheka, na Mpole akapiga makofi kuliko wote. Na hata hilo, Mungu anisamehe, liliniudhi. Anapiga makofi kama mtu asiye na wasiwasi.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua mfululizo. Njia ya kwenda chumba cha redio imekuwa tope tupu.

Nimemkuta Mpole kwenye korido anaongea na kapteni wa utawala. Kapteni anacheka. Waliponiona wakaacha, au mazungumzo yaliisha, sijui. Nilimuuliza jioni walikuwa wanacheka nini. "Nilikuwa naomba ruhusa ya Jumamosi, akasema nikirudi nimechelewa ataninyang'anya buti." Ruhusa ya kwenda wapi? "Nina shughuli kidogo mjini." Ananificha. Hajawahi kunificha kitu.

Jumamosi, 28 Machi

Nimeona.

Na mimi nilipata ruhusa, nikaenda mjini kununua soksi na betri. Saa kumi na moja jioni nilikuwa narudi kwa miguu, mvua ikanikuta pale kona ya duka la vioo, mita mia tatu hivi kutoka langoni kwetu. Nikajibanza chini ya kibaraza. Mvua yenyewe ilikuwa ya kumwaga, barabara huioni vizuri. Gari jeupe likaja polepole likasimama ng'ambo. Mlango ukafunguliwa, akashuka Mpole, kajifunika kichwa kwa mfuko wa plastiki. Hakuondoka hapo hapo. Aliinamia dirisha la nyuma, akasema maneno, akacheka, akaingiza mkono ndani kama anayeshika mkono wa mtu. Halafu gari likageuza likaenda, naye akakimbilia langoni.

Gari jeupe. Kapteni wa utawala ana gari jeupe, kila mtu analijua. Kapteni yumo kwenye kamati.

Nilisimama pale mpaka mvua ikapungua. Soksi zote zimelowa. Kumbe ndiyo hayo! Kumbe mimi nakesha na vitabu, mwenzangu ana njia yake ya mkato. Mpole! Maji ya kimya ndiyo haya.

Chumbani nikamkuta anakausha nywele. "Dada, umelowa, ngoja nikupe taulo."

"Taulo ninalo."

Jumapili, 29 Machi

Sikumsemesha. Ndoo ameimwaga mara tatu.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo ilikuwa ndiyo siku, naandika yote.

Tulikuwa tumebaki watano. Miwani akatugawia karatasi moja moja, tayari ina safu tatu. "Kila mmoja aandike taarifa juu ya mwenzake anayemfahamu zaidi. Wanaolala chumba kimoja, waandikiane. Ukurasa mmoja. Itasomwa na kamati peke yake. Mna saa nzima."

Nilimtazama Mpole. Alikuwa ameshainamisha kichwa anaandika.

Nilianza vizuri. Safu ya kwanza: huamka kabla ya kengele. Hutunza vifaa. Hajawahi kuchelewa zamu. Nilipofika hapo kalamu ikasimama. Dakika kumi nzima nilitazama kiganja changu. Nikafikiria tarehe moja Julai. Nikafikiria mama akisema mwanangu wa pili. Nikafikiria tisini na moja. Nikajiambia: Sajenti, umeona au hukuona? Nimeona. Kwa macho haya. Sasa unaogopa nini?

Nikaandika, katika safu ya kwanza, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Jumamosi tarehe 28 Machi, saa kumi na moja jioni, alishuka kutoka kwenye gari la kapteni wa utawala, baada ya kuwa naye mjini."

Nikasoma. Ilikuwa sentensi safi.  Safu ya pili niliandika kwamba nimesikia wakicheka kwenye korido. Safu ya tatu niliiacha tupu, nikajiona mtu wa haki, eti sikudhani lolote.

Nimetoka nikaenda kantini, nikala sahani nzima. Nilikuwa na njaa ya ajabu.

Jumatatu, 6 Aprili

Wamemwita. Kamati, saa tatu asubuhi. Kakaa humo saa moja na nusu. Alipotoka uso wake ulikuwa wa kawaida, ila mashavu yanang'aa jasho kama ya mtu aliyetoka jikoni.  Amekuja chumbani, kaimwaga ndoo, kairudisha mahali pake, karudi zamu.

Jumanne, 7 Aprili

Kantini nzima inanong'ona. Kapteni wa utawala ameambiwa akae pembeni, asihudhurie kamati. Faili la Mpole limesimamishwa. Inasemekana ameulizwa alikuwa wapi Jumamosi ile, akajibu alikuwa anamsindikiza mgonjwa. Mgonjwa gani? Kakataa kusema. Kaulizwa mara tatu, kakataa mara tatu.

Mgonjwa! Uongo huo hata mtoto hawezi kuumeza.

Sasa aliye juu ni mimi. Kila mtu ananiangalia kwa jicho lingine. Mpishi kaniita "ofisa" akaniongezea mchuzi.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Mpole anaongea na mimi kama kawaida. Leo kaniuliza kama nina sindano, kifungo chake kimetoka. Nimempa. Sikuweza kumtazama akishona.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekwenda kwa mama. Nilitaka kumpa habari kwamba safari hii naipata. Natamani nisingekwenda.

Nilimkuta kakaa, mguu kauinua juu ya kigoda, goti limefungwa bandeji mpya. "Shikamoo mama. Na hiyo bandeji?"

"Marahaba. Aa, kidogo tu."

"Kidogo gani? Si ulisema linakunja?"

Akaanza kuzungukazunguka. Mama hajui kuficha, akidanganya hunyoosha kitambaa kisicho na makunyanzi. Nikamkalia kooni. Mwishowe akashusha pumzi. "Lilivimba ghafla, mwanangu, mwezi uliopita. Nikashindwa hata kufika chooni. Nikampigia mwenzio."

"Ukampigia Mpole. Mimi je?"

"Wewe ulikuwa na mitihani yako. Mara ile nyingine ulikaa na mimi hospitali, ukaikosa nafasi. Mpaka leo sijasahau sura yako siku ile. Nikasema, safari hii goti langu halitamkosesha mtoto wangu kitu. Nikamwapisha mwenzio asikwambie. Hakutaka, nikamwapisha tena. Akaomba ruhusa, akanipeleka, akashinda na mimi mpaka jioni. Wametoa maji kwenye goti."

 "Mmekwenda na nini?"

"Si gari la jirani, fundi wa friji? Lile jeupe. Mimi nililala kiti cha nyuma, mguu nimeunyoosha. Tukamshusha karibu na kwenu. Mvua ilikuwa inanyesha, maskini, akanishika mkono dirishani, akaniambia, 'Usilie, nitampiga picha binti yako akivaa nyota za uofisa.'" Mama akacheka. "Halafu wewe mbona umekuwa hivyo? Usimgombeze, nakuomba. Ni mimi niliyemwapisha."

Nikamwambia sitamgombeza.

Dirisha la nyuma. Niliandika mwenyewe humu, nimerudi kusoma: aliinamia dirisha la nyuma. Kapteni huendesha gari lake mwenyewe. Mtu anayejua silinda ya lori kwa kusikia tu, nimeona mtu anainamia kiti cha nyuma na sikujiuliza aliyeketi nyuma ni nani. Sikujiuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo kabla gari halijasimama.

Jumapili, 12 Aprili

Ni lazima niende kwa Miwani nikaifute taarifa ile. Nikienda, nimejimaliza. Hakuna kamati itakayomchukua mtu aliyeandika vile.

Nitakwenda kesho.

Jumatatu, 13 Aprili

Sikwenda. Orodha ilikuwa ibandikwe leo, imeahirishwa. Mvua.

Jumanne, 14 Aprili

Sikwenda. Nimejiambia kwamba kweli itajitokeza yenyewe, kwamba watachunguza, kwamba si mimi niliyemwambia akatae kumtaja mgonjwa. Nikajiambia pia kwamba yeye ana miaka ishirini na sita, ataomba mwakani. Hili la mwisho ndilo lililonipa usingizi, na kwa hilo naona aibu.

Jumatano, 15 Aprili

Sikwenda. Kaimwaga ndoo. Nikamwambia, "Leo ilikuwa zamu yangu." Akasema, "Haidhuru, dada, nilikuwa nimeshasimama."

Alhamisi, 16 Aprili

Nimekwenda.

Saa nne asubuhi. Miwani amepewa chumba kidogo nyuma ya ghala la nyaya, meza moja, viti viwili, na kwenye kona kisahani cha kukinga tone, kumbe huko nako kunavuja. Alikuwa anasoma. Hakushangaa kuniona.

"Afande, nimekuja juu ya taarifa yangu. Niliyoandika kwenye safu ya kwanza."

"Ndiyo."

"Sikuliona gari la kapteni. Niliona gari jeupe."

"Namba?"

"Sikuiona, afande. Mvua ilikuwa kubwa."

"Dereva?"

"Sikumwona."

"Aliyekuwa kiti cha nyuma?"

 "Alikuwa mama yangu, afande. Hilo nimelijua Jumamosi. Koplo alimpeleka hospitali, na mama alimwapisha asiniambie, nisije nikakosa usaili."

Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, polepole, kioo kimoja kisha cha pili. Akavuta daftari kubwa kutoka chini ya makaratasi yake. Daftari la langoni. Akaligeuza upande wangu, akaweka kidole. Tarehe 28 Machi. Gari la kapteni wa utawala liliingia saa moja asubuhi, halikutoka mpaka Jumapili.

"Hili nililisoma tarehe tatu," akasema. "Siku moja baada ya taarifa yako."

 "Tarehe tatu? Afande, sasa kwa nini kapteni akakaa pembeni? Kwa nini Koplo akaitwa?"

"Kapteni alikaa pembeni kwa sababu hata akiwa hana kosa hawezi kujichunguza mwenyewe. Koplo aliitwa kwa sababu nilitaka kujua alikuwa wapi. Akasema alimsindikiza mgonjwa aliyemwahidi kutomtaja. Nikamtishia nafasi yake. Hakumtaja. Katika kazi hii, Sajenti, hilo tunalitafuta kwa tochi." Akalifunga daftari. "Orodha ningeibandika Jumatatu. Nimeiweka siku tatu mezani. Nilitaka kuona kama kuna mtu atagonga mlango ule."

"Nimegonga, afande."

"Umegonga Alhamisi."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angefoka. Nikamwambia, "Afande, niliamini kweli kwamba lilikuwa la kapteni. Wallahi sikutunga."

"Najua. Watu kama wewe wangekuwa waongo, kazi yangu ingekuwa rahisi. Sikio kama lako sijapata kuliona, Sajenti. Ungeandika 'gari jeupe', ukaweka nukta, leo ungekuwa ofisa."

Kisha akafanya kitu ambacho nadhani si utaratibu. Alitoa karatasi nyingine, yenye safu tatu, nikautambua mwandiko. "Hii aliiandika yeye juu yako, saa ile ile uliyokuwa unaandika yako. Kwa kawaida anayehusika haisomi. Soma."

Nimeisoma mara moja tu lakini naikumbuka yote. Safu ya kwanza: "Alinifundisha kazi bila kunificha kitu. Husikia sauti ambazo mashine haizipati. Kila jioni huandika kwenye daftari na huliweka chini ya godoro. Sijalifungua." Safu ya pili: "Mama yake amesema alipokuwa mdogo alikuwa akijua hatua za kila mtu wa mtaa wao." Safu ya tatu, mstari mmoja: "Nadhani ananionea wivu. Sijaona kwa macho, ndiyo maana naliweka huku. Mchukueni yeye."

Nilimrudishia karatasi. Sikulia mbele yake. Nililia kwenye ghala la nyaya, nimekaa juu ya gurudumu la waya, kilio cha kelele, na sikujali nani anasikia.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimeamriwa nimwombe kapteni radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilisimama wima nikasema yote. Akaniuliza, "Unamfahamu mke wangu?" Nikasema namfahamu, afande. "Basi mshukuru Mungu kwamba hakuyasikia kabla yangu." Kisha akaniambia nitoke, na hapo hakuwa anatania tena.

Jumatatu, 20 Aprili

Orodha imebandikwa. Jina moja.

Nilipiga makofi pamoja na wengine. Yalikuwa ya kweli nusu. Nusu nyingine najua mwenyewe.

Jumatatu, 27 Aprili

Manyunyu. Mpole anapanga vitu vyake. Ni vichache mno, mtu wa miaka mitano na ushee.

Jumamosi, 2 Mei

Ameondoka leo saa mbili asubuhi. Jua limetoka, la kwanza baada ya wiki nyingi, na tope la njiani limeanza kupasuka.

Nilimbebea begi mpaka langoni. Njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia. Tulipofika kwenye kizuizi nikaliweka begi chini nikasema tu, "Mdogo wangu, nisamehe. Ni mimi niliyeandika habari ya gari."

"Najua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu waliponiuliza. Jumamosi ile, katika waombaji, waliopata ruhusa ya kutoka tulikuwa mimi na wewe tu."

"Umejua siku zote zile? Unalala hapo, unaniomba sindano, unamwaga ndoo, na hukusema neno?"

Akanitazama kama vile nimeuliza kitu cha ajabu. "Ningesema nini, dada? Sikukuona ukiandika."

Dereva akapiga honi. Akanikumbatia, na safari hii sikumpigapiga mgongo, nilimshika. Akapanda. Akachungulia dirishani: "Fundi wa paa kasema Jumatano. Asipokuja, ndoo iko mvunguni. Na mama ana kliniki tarehe tisa, saa tatu. Utampeleka wewe?"

"Nitampeleka mimi."

Nimerudi chumbani. Nimechukua rula, nimechora mistari miwili ya wima kwenye ukurasa huu.

Nilichoona: kitanda kitupu, godoro limekunjwa vizuri. Ndoo kavu. Kifungo kimoja sakafuni, nimekiweka mezani.

Nilichosikia: mama kwenye simu, akiuliza kama mwanawe wa pili amekula kabla ya kuondoka.

Ninachodhani: kwamba bado namwonea wivu.

Hapana. Hilo nimeliona kwa macho yangu, msimu mzima. Nimelikata hapo, nimeliandika upya kwenye safu ya kwanza.